Charlotte Maxeke: Mama Mchungaji Ambaye Morogoro Ilimpa Nyumba

Anayetoka Morogoro mjini kuelekea Dodoma huiacha milima ya Uluguru mgongoni, na baada ya kilomita kama hamsini huingia Dakawa, kwenye mbuga ya mto Wami ambako ardhi ni nyeusi na mpunga ndio uhai wa watu. Hapa, kuanzia mwaka 1982, serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi ya kujenga makazi, karakana na shule. Ilikuwa ardhi ya pili. Ya kwanza ilikuwa Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro, shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa. Chama cha ANC kilipewa shamba hilo mwaka 1977, wakati Anna Abdallah alipokuwa mkuu wa mkoa, kwa ajili ya maelfu ya vijana waliokimbia baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976. Majina waliyoyapa majengo yao yanatueleza waliwaheshimu akina nani. Shule ya Mazimbu iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Kituo cha Dakawa cha kuwapokea na kuwaandaa wageni kabla ya masomo kilipewa jina la Ruth First, mwandishi wa habari na mkomunisti aliyeuawa kwa bomu la barua huko Maputo mwaka 1982. Na nyumba iliyotengwa Morogoro kwa ajili ya wasichana waliopata mimba na watoto wao wachanga ikaitwa Charlotte Maxeke. Wa kwanza alikuwa mpiganaji na wa pili mkomunisti. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule, mcha Mungu, mke wa mchungaji, na alikuwa amefariki karibu miaka arobaini kabla ya vijana hao kufika Tanzania.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa mama mchungaji ni nani. Ni yule anayeongoza umoja wa wanawake, anayefundisha watoto Jumapili, anayekwenda kwenye msiba kabla ya wengine na kutoka baada ya wengine, na ambaye jina lake mwenyewe washarika wengi huchelewa kulijua. Kwa sababu tumemzoea mahali hapo, tunaposikia kwamba mama mchungaji fulani alikuwa pia mwanzilishi wa harakati za wanawake za kisiasa, wepesi wetu ni kuligawa fungu la maisha yake mara mbili: huku dini na ndoa, kule siasa, kana kwamba alitoroka upande mmoja ili afike wa pili. Charlotte Maxeke husimuliwa hivyo mara nyingi. Hutajwa kama mwanamke wa kwanza mweusi wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu na kama mama wa ukombozi, kisha uchaji wake hutajwa mwishoni, kama tabia njema aliyokuwa nayo. Ukiyatazama maisha yake kwa mpangilio wa matukio, unaona kinyume. Kila hatua yake ya kisiasa ilitoka ndani ya kanisa au darasani, ikitumia watu, fedha, lugha na nidhamu alizozipata huko. Tena nyumba ile ya Morogoro haieleweki vizuri, wala haiwezi kuhukumiwa kwa haki, mpaka tumweke mama huyu mahali alipokuwa kweli.

Alizaliwa Charlotte Mannya mwanzoni mwa miaka ya 1870, baba Msotho wa kaskazini aliyekuwa mhubiri wa kawaida katika kanisa la Kipresbiteri, mama Mxhosa aliyekuwa mwalimu. Alisoma katika shule za misheni za Uitenhage na Port Elizabeth, na familia ilipohamia Kimberley, mji wa almasi, akaanza kufundisha. Kufundisha kulikuwa karibu kazi pekee ya heshima ambayo msichana mweusi aliyesoma angeweza kuipata. Lakini kanisa lilimpa pia sauti iliyofunzwa katika kwaya. Mwaka 1891 yeye na mdogo wake Katie waliingia katika kwaya ya Waafrika iliyozunguka Uingereza kuimba, na baadaye Charlotte akasafiri na kundi jingine kwenda Amerika ya Kaskazini. Safari hiyo ya pili iliharibika: waliowapeleka waliwatelekeza Cleveland, jimbo la Ohio, bila nauli ya kurudi. Waliowaokoa hawakuwa maofisa wa ubalozi, kwani watu weusi wa makoloni hawakuwa na ubalozi wa kuwatetea. Waliowaokoa walikuwa wachungaji weusi wa Marekani wa Kanisa la African Methodist Episcopal, ambalo tutaliita AME kama wanavyoliita wenyewe. Ndio waliomfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Wilberforce.

Inafaa kukaa kidogo na kanisa hilo, kwa kuwa bila kulielewa mtu atadhani kwamba Charlotte aliingia tu katika dini ya utii. AME lilizaliwa Philadelphia baada ya waumini weusi kuinuliwa kwa nguvu wakiwa wamepiga magoti katika sala, kwa sababu walikuwa sehemu iliyotengwa kwa wazungu. Richard Allen na wenzake walitoka nje ya kanisa lile, na mwaka 1816 wakaunda kanisa lao lenye maaskofu wao. Wilberforce kilikuwa mali ya kanisa hilo tangu 1863, chuo kilichomilikiwa na kuendeshwa na watu weusi wakati utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa nchi nzima. Miongoni mwa walimu aliowakuta huko Charlotte alikuwa W. E. B. Du Bois, aliyefundisha hapo kati ya 1894 na 1896 na ambaye baadaye angekuwa sauti kubwa ya umoja wa Waafrika duniani. Kwa hiyo binti huyu alijifunza sayansi, na pamoja nayo akajifunza jambo ambalo hakuna shule ya misheni ya Kimberley iliyoweza kumfundisha: kwamba watu weusi wanaweza kumiliki kanisa, chuo, hazina na askofu, na Mungu asikasirike.

Kisha akaandika barua. Alimwandikia mdogo wake Katie nyumbani, akimweleza juu ya kanisa lililompokea. Barua hiyo ikafika machoni pa Mangena Mokone, mchungaji aliyekuwa amejitoa katika kanisa la Wesley huko Pretoria mwaka 1892 kwa kuchoshwa na ubaguzi ndani ya madhabahu, akaanzisha Kanisa la Kiethiopia. Mokone alikuwa anadhani wako peke yao. Kumbe ng'ambo ya bahari kulikuwa na kanisa zima la watu weusi lenye maaskofu na vyuo. Akaanza kuandikiana na Askofu Henry McNeal Turner, na mwaka 1896 makanisa hayo mawili yakaungana. Makanisa ya kujitegemea ya kusini mwa Afrika, ambayo serikali za kikoloni ziliyaogopa kwa miaka mingi kwa sababu yaliwazoesha watu kujitawala, yalipata nguvu kubwa kutokana na muungano huo, na kiungo chake kilikuwa barua ya mwanafunzi wa kike kwa ndugu yake. Hakuwa na cheo chochote wakati huo. Alikuwa na imani, anwani na kalamu. Mtu anayetaka kujua siasa yake ilianzia wapi asianze na mikutano ya hadhara. Aanze na bahasha hii.

Alirudi nyumbani mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na shahada ya sayansi, na mwaka 1903 akafunga ndoa na Mchungaji Marshall Maxeke, naye mhitimu wa Wilberforce. Wakafanya kile ambacho wenzi wa namna yao walifanya pande nyingi za Afrika: mume madhabahuni, mke darasani, na mara nyingi wote wawili kotekote. Walifundisha Transvaal ya kaskazini kwa watu wa baba yake. Walisaidia kuijenga Wilberforce Institute ya Evaton, shule iliyobeba jina la chuo kilichowalea. Walikwenda mpaka Transkei kwa mwaliko wa Mfalme Dalindyebo wa Wathembu kufundisha watu wake. Upande wetu wa Afrika tunao mfano wa karibu. Cecil Majaliwa, mtoto aliyeokolewa utumwani na kupewa upadri wa Kianglikana mwaka 1890, alipokwenda kuanzisha kazi Chitangali kusini mwa Tanzania ya leo, alifuatana na mkewe Lucy, aliyesomeshwa katika shule ya wasichana ya Mbweni, Unguja. Historia imemkumbuka Majaliwa kama kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni yake, na imemsahau Lucy, ingawa shule ya misheni bila mwanamke aliyesoma ilikuwa shule ya wavulana tu. Charlotte alinusurika kusahauliwa hivyo kwa sababu moja kubwa: hakuiacha elimu yake ibaki shughuli ya nyumba ya mchungaji.

Hapa ndipo hoja yenyewe inapopata uzito. Mwaka 1912 lilipoundwa baraza la kitaifa la Waafrika ambalo baadaye lingeitwa ANC, wanawake hawakuwa wanachama kamili. Katiba yake ya 1919 iliwaweka kama wanachama wasaidizi, wasio na kura, ambao kazi yao ilikuwa kuandaa chakula na burudani kwa wajumbe. Ilichukua mpaka 1943 kabla hawajapewa uanachama kamili. Basi mwanamke Mwafrika wa wakati ule angejifunza wapi kuendesha kikao, kuandika kumbukumbu, kutunza hazina, kumwondoa mwenyekiti asiyefaa, kusimama mbele ya watu mia tatu akasema bila kutetemeka? Si katika chama. Si katika baraza la jadi, wala mahakamani, wala kiwandani ambako hakuajiriwa. Alijifunza katika vyama vya sala vya wanawake, vile walivyoviita manyano, vilivyokutana kila Alhamisi, vikiwa na sare, michango, viongozi wa kuchaguliwa na mtandao uliotoka mji hadi mji. Charlotte aliongoza chama cha umisheni cha wanawake wa kanisa lake. Alikuwa amekomaa katika uongozi miaka mingi kabla chama cha wanaume hakijamfikiria kama mwanachama.

Matunda ya shule hiyo yalionekana Bloemfontein. Jimbo la Orange Free State liliwalazimisha wanawake weusi wabebe pasi, hati za kudhibiti mienendo yao, na mwaka 1912 wanawake wa huko walikusanya sahihi kama 5,000, wakatuma wajumbe hadi Cape Town kwa waziri mwenye dhamana. Walipopuuzwa, mwaka 1913 wakaandamana, wakakataa kubeba pasi, wakaenda jela kwa makundi. Wengi wao walikuwa watu wa kanisani, wake za wachungaji na walimu miongoni mwao. Kutoka katika moto huo ndiko kulikotoka Bantu Women's League, jumuiya iliyoundwa mwaka 1918, Charlotte akiwa rais wake wa kwanza, na ujumbe aliouongoza ukamwendea Waziri Mkuu Louis Botha juu ya suala hilohilo la pasi. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba mwaka 1955, TANU ilipowahitaji wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa kuwafungulia matawi. Aliwaendea katika vikundi vyao vya ngoma, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wamejipanga tayari. Kikundi cha ngoma cha Mwislamu wa Pwani na chama cha sala cha Mmethodisti wa Transvaal ni vitu viwili tofauti sana, lakini kazi yao katika historia ni moja: vilikuwa mahali ambapo wanawake walikuwa na uongozi wao wenyewe kabla ya mtu yeyote kuwaomba kura. Anayekidharau chama cha sala kwa kuwa ni cha sala anakosa kuona ofisi ilipokuwa.

Wapo wanaokataa hoja hii, na hoja yao si nyepesi. Wanasema kanisa lilimpa Charlotte jukwaa, ndiyo, lakini pia lilimfunga. Lilimfundisha kuomba badala ya kudai, kutuma ujumbe badala ya kugoma, kuamini kwamba Mkristo mwema wa kizungu akielezwa vizuri atabadilika. Wanakumbusha kwamba Marshall alikuwa mmoja wa wahariri wa mwanzo wa gazeti la Umteteli wa Bantu, lililoanzishwa mwaka 1920 kwa fedha za jumuiya ya wenye migodi waliotaka Waafrika watulivu, na kwamba Charlotte aliandika humo. Wanakumbusha msisitizo wake juu ya nyumba safi, mama bora, mwenendo wa staha, maneno ambayo serikali ya wakati ule iliyapenda sana kuyasikia. Yote haya ni kweli, na anayempenda Charlotte asiyafiche. Lakini tuulize upole huo ulimfanya akubali nini, kwa sababu hapo ndipo upole hupimwa. Hakukubali pasi. Hakukubali kwamba wanawake wakae nje ya siasa. Alishirikiana na wafanyakazi waliodai mishahara Witwatersrand. Alilitumia gazeti la wenye migodi kuandika kwa Kixhosa juu ya hali ya wanawake, ili wanawake wenyewe wasome. Staha yake ilikuwa ya kweli, wala haikuwa vazi la kuwadanganya wakubwa. Aliamini kabisa kwamba nyumba yenye amani ni haki ya Mungu kwa kila mtu, na kwa sababu aliamini hivyo, aliona sheria inayomtenganisha mume na mke kuwa dhambi, si kosa la utawala tu. Mtu asiyeithamini familia asingeona ubaya wa mfumo wa vibarua wa migodini kwa ukali alioona yeye.

Ushahidi mzito zaidi uko katika miaka yake ya mahakamani. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa kuwa afisa wa uangalizi katika mahakama ya hakimu Johannesburg, akiwashughulikia watoto na vijana waliokinzana na sheria; hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa ameshika kazi hiyo kabla yake. Wakosoaji wanaweza kusema hapo ndipo alipokuwa mtumishi wa dola kabisa. Ukweli ni kwamba hapo ndipo alipoona, siku baada ya siku, wasichana ambao mimbari za Jumapili ziliwaita waliopotea. Mwaka 1930, katika mkutano wa wanafunzi Wakristo weusi na weupe uliofanyika katika chuo cha Fort Hare, alizungumza juu ya hali ya kijamii ya wanawake na wasichana Waafrika. Hakuanza na tabia za wasichana. Alianza na nyumba na kazi ya mume: mume anaondoka kijijini kutafuta kazi, mke anamfuata mjini baada ya ukimya mrefu, anakuta chumba kimoja katika mtaa uliosongamana, mshahara haumtoshi hata mume peke yake, mke anapika pombe inayokatazwa ili watoto wale, polisi wanakuja, watoto wanakua barabarani. Binti wa nyumba hiyo akisimama mbele ya hakimu, kosa lake lina historia ndefu kuliko umri wake. Huu ni uchambuzi wa kiuchumi uliosemwa na mama mchungaji mbele ya Wakristo, na aliusema kama jambo la imani: kwamba kanisa linalomhukumu msichana bila kuuona mshahara wa baba yake limesoma nusu ya Injili. Maneno hayo ya mwisho ni yangu, lakini yanafuata kutoka katika hoja yake.

Marshall alifariki mwaka 1928, naye akaendelea miaka kumi na mmoja akiwa mjane, akiendesha kazi za kanisa na za wanawake, hata akachaguliwa kuongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake Waafrika. Alifariki Johannesburg Oktoba 1939. Dk. A. B. Xuma, ambaye baadaye angekuwa rais wa ANC na ambaye uongozi wake ndio uliowapa wanawake uanachama kamili mwaka 1943, alikuwa ameandika kijitabu juu ya maisha ya Charlotte mwaka 1930, kikiwa na dibaji ya Du Bois, mwalimu wake wa zamani. Mlolongo huo si wa bahati. Aliyeandika juu ya yale ambayo msichana Mwafrika aliyesoma anaweza kuyafanya ndiye aliyekuja kuufungua mlango wa chama.

Sasa turudi Morogoro. Kituo cha mama na mtoto cha Charlotte Maxeke, ambacho wanafunzi walikiita tu kwa jina lake la kwanza, kilianza kwa sababu ya jambo ambalo waanzilishi wa shule ya Mazimbu hawakulitegemea sana: wasichana wa sekondari, mbali na mama zao, baadhi yao wakiwa hawajui kama wazazi wao wako hai, walikuwa wanapata mimba. Uamuzi wa ANC ulikuwa kwamba mwanafunzi mjamzito anaondolewa shuleni, anahamia Charlotte, anajifungua na kumlea mtoto kwa muda wa mwaka na zaidi, kisha anaweza kurudi masomoni, mtoto akichukuliwa na kituo cha watoto cha Mazimbu. Kitengo cha wanawake cha chama kilikuwa mstari wa mbele kukiendesha, na misaada ya nguo za watoto, maziwa na vifaa ilitoka kwa wafadhili wa nje. Kwa upande mmoja hili lilikuwa jambo la ajabu kwa wakati wake. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki miaka ya 1980, mimba ilikuwa mwisho wa masomo, basi. Hapa msichana alipewa kitanda, daktari, chakula na ahadi ya kurudi. Kwa upande mwingine, wengi wa waliopita pale waliiona Charlotte kama adhabu. Waliwekwa kando na wenzao, wakapoteza miaka ya masomo, huku vijana waliowapa mimba mara nyingi wakiendelea na darasa kama kawaida. Malalamiko hayo yalisikika ndani ya chama chenyewe, na wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kuyasema.

Kutokana na hilo yanaibuka mapingamizi mawili dhidi ya jina. La kwanza linasema kulipachika jina la Charlotte Maxeke kwenye nyumba ya wazazi wachanga ni kumdunisha: wengine wakapewa shule na vituo vya mafunzo, msomi wa Wilberforce akapewa nepi. Pingamizi hili linasikika kama linamtetea, lakini linabeba dharau ileile iliyowafanya wajumbe wa 1919 wawaachie wanawake jiko. Linadhani kwamba mahali pa msichana mwenye mimba ni mahali padogo. Charlotte mwenyewe, akiwa na shahada yake, alikwenda kukaa mahakamani na wasichana kama hao kwa hiari yake, akiwa na umri ambao wengine hutafuta kupumzika. Angeweza kubaki rais wa jumuiya na msemaji wa mikutano. Alichagua chumba cha mahakama. Basi kati ya majengo yote ya ANC mkoani Morogoro, kuanzia madarasa ya Mazimbu hadi karakana za Dakawa, hakuna lililomfaa zaidi ya lile.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kwamba jina la mcha Mungu lilitumika kuipaka heshima nyumba ya kutenga watu, na kwamba ukali wa kutenga ule ulitoka hasa katika maadili ya kimisheni ambayo Charlotte aliyawakilisha. Sikubaliani na nusu ya pili. Chama kilichoendesha kituo hicho kilikuwa na wakomunisti, Waislamu, Wakristo na wasio na dini, na sababu zilizotolewa zilikuwa za nidhamu ya mapambano, gharama na uhaba wa nyumba, si za dhambi. Aibu kwa msichana na msamaha kwa mvulana si mali ya kanisa peke yake. Mila nyingi zimekuwa nazo, na vyama vya mapinduzi pia. Lakini nusu ya kwanza ina ukweli, na hapa jina linafanya kazi ambayo walioliweka huenda hawakuikusudia. Mtu akiupima utaratibu wa nyumba ile kwa mawazo ya mwanamke ambaye jina lake lilitundikwa mlangoni, utaratibu unashindwa. Yeye angeuliza kwanza baba wa mtoto yuko wapi. Angeuliza kwa nini miezi ya kunyonyesha iwe pia miezi ya kukosa kitabu, wakati mwalimu anaweza kutembea kutoka Mazimbu hadi mjini. Alitumia miaka mingi akiieleza serikali kwamba kosa la msichana lina mizizi katika hali iliyomzunguka. Asingewaeleza wana wake wa uhamishoni tofauti.

Mwaka 1992 ANC ilikabidhi Mazimbu na Dakawa kwa serikali ya Tanzania, na watu wakarudi kwao. Mazimbu ikawa kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Afrika Kusini huru iliipa hospitali kubwa ya Johannesburg jina la Charlotte Maxeke mwaka 2008, na ikautangaza mwaka 2021 kuwa mwaka wake. Mwaka huohuo, Novemba, Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua, uamuzi uliofuta zuio lililowatoa maelfu darasani kwa miaka mingi. Sina sababu ya kudai kwamba matukio hayo mawili yanahusiana. Ninachosema ni kwamba swali ambalo Wizara ililijibu mwaka 2021 lilikuwa limekwisha kuulizwa Morogoro miaka arobaini nyuma, likajibiwa nusu, katika nyumba yenye jina la mama mchungaji, na uzoefu huo ulikuwa hapa nchini, wenye mafanikio na makosa yake, bila kutumiwa.

Leo Dakawa kuna sekondari na chuo cha ualimu cha serikali. Wanaosoma humo ualimu, wengi wao wasichana, na wengi wao waumini wa misikiti na makanisa ya Mvomero, Kilosa na kwingineko, wataajiriwa katika shule ambako msichana wa kwanza kurudi akiwa na mtoto nyumbani ataingia darasani akiwa ameinamisha kichwa. Waraka unaweza kumfungulia lango. Namna atakavyopokelewa baada ya lango itaamuliwa na mwalimu, na mwalimu ataamua kwa imani aliyonayo juu ya msichana huyo. Wapo watakaomwambia kwamba dini inamtaka awe mkali hapo. Jibu la Charlotte Maxeke kwa watu hao lipo, alilitoa Fort Hare mwaka 1930 kwa lugha ya dini yao wenyewe, na lingefaa kuwemo katika masomo ya chuo kilichojengwa katika mbuga hiyohiyo ambako watu wake waliishi.